Msingi wa Nyumba kwa Mikono ya Wenyewe



Katika majuma haya ya karibuni nimeulizwa swali moja na kina mama watatu, kila mmoja kwa wakati wake na kwa maneno yake: je, yafaa familia ijimwagie msingi wa nyumba kwa mikono ya watoto na jamaa zake, au ni lazima kazi yote akabidhiwe fundi? Wawili kati yao waume zao wako Bara Arabu kutafuta riziki, na fedha huja kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Wa tatu ni mjane mwenye mayatima, na kila shilingi aishikayo ina mwenyewe asiyejua bado kuhesabu. Nimeona bora nijibu hapa, ili jibu liwafae na wengine.

Jibu langu kwa ufupi ni ndiyo, kwa baadhi ya nyumba na kwa baadhi ya ardhi, madhali yuko mtu anayejua vipimo na yuko mwenye nyumba anayehesabu. Lakini ufupi huo hautoshi, kwa kuwa msingi si kama sehemu nyingine za nyumba. Rangi ikiharibika hupakwa upya. Bati likivuja hubadilishwa. Msingi ukishafukiwa hakuna auonaye tena, wala hakuna awezaye kuurudia bila ya kubomoa kilicho juu yake. Fundi asiye mwaminifu aupenda msingi kwa sababu hiyo hiyo: mifuko kumi ya saruji iliyopungua chini ya ardhi haina shahidi, mpaka miaka sita au saba baadaye nyufa zinapoanza kupanda kutoka pembe za madirisha. Katika Surat Tawba umo mfano wa mtu aliyeweka jengo lake ukingoni mwa korongo lililoliwa na maji kwa chini. Aliyewahi kuona ukingo wa mto baada ya mvua za masika haimlazimu kufasiriwa sana. Juu panaonekana pazima, na chini ni patupu.

Wazee wetu hawakujenga kwa saruji. Walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo, na kuta zao ziko hadi leo Lamu, na magofu yake yako Gede. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenyewe. Saruji ya kiwanda ilikuja kwetu baadaye. Pale Bamburi ilianza kutengenezwa mwaka 1954, na malighafi yake kubwa ikawa ni mawe ya matumbawe ya pwani yetu hii. Kwa hiyo asili ni moja, lakini tabia ni mbali mbali. Chokaa hushika polepole, na ukuta wake ukisogea kidogo humeza ufa wake. Saruji ina haraka na ni ngumu. Ikikosewa siku ya kwanza hubaki na kosa lake. Ndiyo maana ujuzi wa babu, pamoja na heshima zote, hautoshi kwa kazi hii.

Jambo la kwanza ni ardhi, na kwetu si moja. Kisiwani Mombasa na katika sehemu nyingi za ufuoni utachimba kidogo ukutane na mwamba wa matumbawe. Hapo kazi ni kuondoa udongo na mawe yaliyolegea, na kutazama kwa makini kama kuna pango chini, maana matumbawe yana mapango. Gonga kwa mtaimbo kila hatua. Mlio wa utupu masikio huujua. Kisauni na Likoni ziko sehemu nyingi za mchanga. Mchanga ulioshikana hubeba nyumba vizuri, ila kingo za mtaro humwagika. Kuelekea Changamwe, Mikindani na Miritini ardhi ina udongo wa mfinyanzi: ukilowa huvimba, ukikauka hunywea na kupasuka. Nyumba iliyo juu ya udongo wa namna hiyo huinuliwa na kushushwa kila mwaka kama mashua iliyofungwa gatini. Mwenye kiwanja cha udongo huo naamkataza wazi kujimwagia msingi bila ya mchoro wa mhandisi. Ada ya mhandisi ni kubwa kwa mwenye kipato kidogo, najua; lakini ni ndogo kuliko nyumba.

Na kabla ya jembe kuingia ardhini, mchoro upitishwe katika afisi za kaunti, na mipaka ya kiwanja ithibitishwe. Wako waliomwaga msingi mzuri kabisa ndani ya ardhi ya jirani. Kadhalika mtaro wako usishuke chini ya msingi wa jirani ukiwa umegusana nao, kwa kuwa utauondolea kitako chake, na ukuta wake ukipasuka dhima ni yako. Haki ya jirani haiishii katika kumpelekea mchuzi.

Mtaro wa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa aghalabu huwa na upana wa sentimita 60, na kina chake ni mpaka ufikie ardhi ngumu. Pembe zipimwe kwa ile njia ya tatu, nne na tano: futi 3 upande mmoja, futi 4 upande wa pili, na kamba ya mshazari ikisoma futi 5 pembe hiyo ni mraba sawasawa. Usawa wa chini upimwe kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kwani maji hayasemi uongo kutoka pembe moja ya nyumba hadi nyingine. Kazi hizi mbili, pembe na usawa, ndizo ninazoshauri alipwe fundi wa kweli kwa siku, hata kama mengine yote mtayafanya wenyewe.

Sasa hesabu, na hapa nawaomba kina mama wachukue kalamu, kwa sababu hesabu ndiyo kinga ya mali. Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 8. Kuzunguka nje ni mita 34. Tuseme kuta za ndani zina jumla ya mita 16. Mtaro wote ni mita 50. Zege la kitako likiwa na upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 20, tunazidisha 50 kwa 0.6 kwa 0.2, tunapata mita 6 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne, yaani kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga na vinne vya kokoto, kila mita ya ujazo hula mifuko sita na ushei ya kilo 50. Kwa hiyo mitaro hiyo yataka mifuko 38, nunua 40. Mchanga ni kiasi cha tani 4 na kidogo, kokoto ni tani 8. Maji ya kuchanganyia ni karibu lita 1,000.

Mwenye hesabu hii mkononi hadanganywi. Akiambiwa mifuko 60, atauliza ishirini inakwenda wapi. Na akiambiwa 25 yatosha, naye aulize, kwa kuwa urahisi huo utalipwa na ukuta. Mfuko wenyewe usomwe: saruji yenye alama ya 42.5 ndiyo ipendelewayo kwa zege la kubeba uzito, na ile ya 32.5 hufaa zaidi kwa kujengea mawe na kupiga plasta. Mfuko uliopata unyevu ukawa na mabonge magumu, usitie msingini hata ukiuziwa kwa nusu bei.

Nije kwenye mchanga na maji, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa pwani tunapojidhulumu zaidi ya watu wa bara. Mchanga wa ufuoni uko karibu na ni wa bure, na una chumvi. Visima vyetu vingi navyo vina maji ya chumvi. Chumvi katika zege lisilo na vyuma madhara yake si makubwa sana, lakini ndani ya zege lenye vyuma ni adui. Hula chuma polepole. Chuma kikishika kutu huvimba, na kikivimba hulipasua zege kutoka ndani. Tazama roshani za nyumba za zamani za saruji zilizo karibu na bahari: zege limebanduka kwa chini, na vyuma vyekundu vinaning'inia. Nyingi ya hizo hazikuharibiwa na uzito, bali na chumvi.

Jamaa yetu mmoja, mjane aliyemaliza eda yake na mirathi ikagawanywa, alijenga huko upande wa Kisauni miaka michache iliyopita. Kiwanja ni cha watoto. Yeye fungu lake lilikuwa thumuni, na mengine yote alikuwa akiyashika kwa amana. Fundi wa kwanza alitaka apewe fedha zote kwa mkupuo, vifaa na ujira pamoja. Bibi huyu akakataa. Alinunua vifaa mwenyewe, akamwajiri fundi mwingine kwa siku nne tu za kupima na kusimamia, na kazi ya kumwaga wakaifanya wanawe wawili wakubwa na wapwa zake, jumla watu kumi na wawili pamoja na vibarua watatu. Mimi nilikuwako kama mtu wa kushuhudia matumizi.

Siku ya kuanza, vijana walikuwa wamekwisha kuteka mapipa mawili kutoka kisima cha jirani, kwa nia njema ya kumpunguzia mama yao gharama. Akaja na kikombe, akachota, akaonja, akatema. Akasema, "Haya ni ya kuoshea miguu." Fundi akajaribu kumtuliza kwamba mtaa mzima umejengwa kwa maji hayo. Hakubishana naye. Aliita wenye mikokoteni wakaleta mitungi 50 ya lita 20 ya maji matamu, na maji ya kisima yakaachwa ya kunawia. Gharama ya mitungi hiyo, nilipoiandika katika daftari, haikufikia bei ya mifuko mitatu ya saruji. Mwanamke yule hakusoma uhandisi. Alijua tu kwamba kinachoharibu sufuria yake ya chai kitaharibu na chuma. Nilipenda hoja yake kuliko hoja nyingi nilizozisikia kwa wanaume wenye kofia ngumu.

Kwa mchanga, mjaribu kwa chupa. Tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, uache kwa saa chache. Tope litakaa juu ya mchanga kama utando. Utando ukiwa mwembamba mchanga ni safi. Ukiwa mnene, tope hilo litazuia saruji isiushike mchanga. Kokoto nazo ziwe safi. Zikiwa na vumbi jingi zimwagiwe maji kabla ya kuchanganywa.

Sasa kipimo. Mafundi wengi hupima kwa beleshi, na beleshi la asubuhi si beleshi la saa sita. Asubuhi mkono una nguvu na mchanga hujaa. Saa sita mkono umechoka, na kokoto ndizo hupungua kwa kuwa ni nzito. Tengenezeni sanduku la mbao lisilo na kitako, urefu sentimita 40, upana 35, kina 25. Ujazo wake ni lita 35, ambao ndio ujazo wa mfuko mmoja wa saruji. Basi kila mfuko mmoja ni masanduku mawili ya mchanga na manne ya kokoto, na mtoto wa darasa la tano aweza kusimama na kuhesabu. Mpeni kazi hiyo, ataikumbuka.

Maji ni lita 25 kwa mfuko, na hupungua ikiwa mchanga umelowa. Hapa ndipo penye vita. Zege lenye maji ya kiasi ni zito kulisogeza, na kijana mwenye mgongo unaouma atataka kuongeza ndoo moja ili litiririke. Ndoo hiyo ndiyo inayoua zege. Maji yaliyozidi hayashiki na saruji. Hukauka baadaye na kuacha vitundu vidogo visivyohesabika, na zege lenye vitundu ni dhaifu na hupitisha unyevu. Zege zuri ukilishika kwa mkono uliovaa glavu hufanya tonge na kubaki tonge. Likichuruzika vidoleni limezidi maji.

Palipo na uwezo, kodini mashine ya kuchanganyia kwa siku moja. Mita 6 za ujazo za zege ni zaidi ya tani 14, na kuzigeuza zote kwa mabeleshi kunawachosha watu kiasi cha kuwafanya wakubali lolote. Wasio na mashine wachanganye juu ya sakafu ngumu au bati, kamwe si juu ya udongo: kwanza mchanga na saruji vikavu mpaka rangi iwe moja, kisha kokoto, kisha maji.

Mpango wa siku nao ni ibada ya akili. Anzeni mara baada ya sala ya Alfajiri. Ijumaa isiwe siku ya kumwaga. Zege lililokwisha kutiwa maji lapasa liwe limekaa mahali pake ndani ya saa moja, na katika joto la kaskazi hata kabla ya hapo, kwa hiyo halingoji mgeni wala chakula. Nasema hivi kwa kuwa mila yetu ya siku ya zege ni pilau, na nimeona kazi ikisimama kwa dakika arubaini kwa sababu sinia limewasili. Watu wale kwa zamu, na Adhuhuri ikiingia wasali kwa zamu, mtaro usibaki peke yake. Kina mama wanaopika wajue ratiba ya zege kabla ya kuinjika sufuria.

Kabla ya kumwaga, mtaro usiwe na majani, mizizi wala maji yaliyotuama, na ulowe kidogo ili ardhi kavu isinyonye maji ya zege. Vyuma, kama mchoro umevitaka, visilale juu ya udongo. Viinuliwe kwa vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vyenye kimo cha sentimita 5 au zaidi, ili zege livifunike pande zote. Kuweka mawe chini ya vyuma au kuviinua kwa mkono wakati wa kumwaga ni kujidanganya. Zege lishindiliwe kwa ufito wa chuma, kuchomwa na kuchomwa, mpaka mapovu ya hewa yatoke. Likibidi kukatishwa, mwisho wake uachwe wima na wenye kukwaruza, na kesho yake usafishwe na kuloweshwa kabla ya kuendelea.

Hadi hapa nimesema juu ya kitako. Juu yake wengi wetu hujenga kwa mawe mpaka usawa wa sakafu, na hilo ni jema na ni rahisi. Lakini wenye viwanja vya mteremko, kama vile Mikindani au Mazeras, hulazimika kuwa na ukuta wa zege unaozuia udongo, na hawa ndio ninaowahofia. Ukuta wa zege humwagwa ndani ya kasha la mbao, na zege bichi husukuma kama maji, ila lenyewe ni zito zaidi ya mara mbili ya maji. Katika kina cha mita 1, kila mita ya mraba ya ubao husukumwa kwa uzito wa karibu tani 2.4. Katika mita 2 msukumo huo huwa maradufu. Misumari ya inchi mbili na vijiti vya mwambao haviwezi kuhimili hayo. Kasha likifumuka, zege humwagikia wale waliosimama chini, na mara nyingi waliosimama chini ni vijana wa nyumbani.

Basi nasema hivi: ukuta usiozidi mita 1, wa urefu mfupi, familia yenye fundi aweza kuumwaga, kwa mbao nene zilizofungwa pande mbili kwa waya na kuegemezwa kwa magogo yaliyochimbiwa, na zege litiwe kwa matabaka ya sentimita 30 hadi 40 kuzunguka ukuta wote, si kujaza upande mmoja. Timazi ishushwe kabla na katikati ya kazi. Ukuta uliozidi hapo, au unaozuia udongo wa jirani, si kazi ya ujima. Wala si kazi ya ujima msingi wa nyumba inayokusudiwa kupandishwa ghorofa baadaye kijana akipata kazi. Desturi yetu hiyo ya kuongeza ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini ni ya hatari. Tarehe 29 Aprili 2016, katika mtaa wa Huruma jijini Nairobi, jengo la ghorofa lilianguka usiku wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40. Mwenye nia ya ghorofa aiseme nia hiyo mwanzo, kwa mhandisi na kwa kaunti, na mkandarasi awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011.

Nina neno mahususi kwa kina mama na mabinti wanaosaidia. Saruji iliyolowa huunguza. Haichomi kama moto. Huanza kwa kuwasha kidogo, na mtu huendelea na kazi, na jioni ngozi imetoka. Nguo iliyoroa maji ya zege ikigandamana na mguu kwa masaa ni mbaya kuliko tone lililoanguka. Kanga na buibui refu linaloburuta katika mtaro huyanyonya maji hayo na kuyaweka juu ya ngozi. Vaeni gambuti na glavu za mpira, na suruali nene chini ya vazi la stara, na nguo ikiroa ibadilishwe papo hapo na ngozi ioshwe kwa maji mengi. Jicho likiingiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha hospitali. Kitambaa kwenye pua wakati wa kumimina mfuko mkavu.

Watoto wadogo wawe nyumbani kwa bibi yao siku hizo. Mtaro wa mchanga wenye kina cha kifua waweza kumfukia mtu kwa pumzi moja, na mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Kingo zilazwe au ziegemezwe kwa mbao, na udongo uliochimbwa uwekwe mbali na ukingo. Mvua ikinyesha mtaro ukajaa, uwekewe uzio hata wa miti na kamba, kwa sababu mtoto huzama katika maji ya goti.

Zege likishamwagwa watu hushukuru, hula, hutawanyika. Na hapo ndipo kazi ya mama wa nyumba inapoanza kwa hakika. Wengi hudhani zege hukauka. Halikauki bali hushika, na ili lishike lahitaji maji ndani yake. Likinyimwa maji mapema hubaki na nguvu pungufu, na hakuna cha kuirudisha. Tangu lilipoanza kuwa gumu, lifunikwe kwa magunia au nailoni na limwagiwe maji asubuhi, adhuhuri na jioni, kwa siku 7 zisizopungua. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali na upepo mkavu, zifanyeni siku 10. Yule bibi wa Kisauni aliwapangia mabinti zake zamu kama zamu za kuteka maji, na gunia lililokutwa kavu lilikuwa na mwenye kuulizwa. Nguvu kamili ya zege hupimwa siku ya 28. Siku ya saba limefikia kama thuluthi mbili, na kuanza kujenga mawe juu yake polepole si vibaya, lakini lori la mawe lisisimame ukingoni.

Mbao za ukuta wa zege zisitolewe kwa pupa ili zirudishwe kwa aliyeziazima. Pande zake zaweza kufunguliwa baada ya siku mbili au tatu, na ukuta uendelee kuloweshwa.

Kufukia nako kuna adabu yake. Udongo urudishwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kabla ya kuleta jingine, na pande zote mbili za ukuta zipande pamoja. Ukifukia upande mmoja mpaka juu na upande wa pili ukiwa mtupu, umeutia ukuta mchanga mzigo ambao haujaandaliwa. Ukuta unaokusudiwa kuzuia udongo ungoje siku zake 28. Ondoeni vipande vyote vya mbao vilivyosahauliwa mtaroni, maana ubao uliozikwa chini ya sakafu ni mwaliko wa mchwa, na mchwa wa pwani hupanda mpaka kwenye fremu za milango. Juu ya ukuta wa msingi, kabla ya mawe ya nyumba, walazwe ule utando wa kuzuia unyevu, vipande vyake vikipandana kwa sentimita 15. Na mifuko ya saruji iliyobaki ikae juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu, imefunikwa. Ukipita mwezi mmoja wa masika kabla haijatumika, ipapaseni kwanza.